Jazz ya Morogoro na jazz ya New Orleans: nani kamzaa nani?

Mara ya kwanza kusikiliza jazz ya Wamarekani, nilingoja mwimbaji aingie. Nilikuwa kidato cha tatu. Kanda nilikuwa nimeiazima kwa rafiki ambaye kaka yake alifanya kazi melini, na kwenye jalada nilielewa neno moja tu: jazz. Jazz nilijua ni nini. Nyumbani kwetu Jumapili redio ilikuwa haizimwi, na jazz ilikuwa Morogoro Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz: magitaa yanasemezana, saksafoni zinaitikia nyuma, mtu anamlalamikia mpenzi aliyemkimbia, halafu chemko, watu wanainuka. Sasa kanda hii piano iligusa kidogo, besi ikanguruma, tarumbeta likapulizwa. Nikangoja. Upande wa kwanza ukaisha. Nikaigeuza kanda, nikidhani labda mwimbaji yuko upande wa pili.

Hakuwepo. Lakini swali lilibaki kichwani: hawa wa Amerika na wale wa Morogoro, wenye jina moja, wana undugu gani? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni kwamba muziki ulitoka Afrika kwenye merikebu za watumwa, ukawa jazz kule, kisha ukarudi nyumbani. Ni jibu tamu na linapendeza jukwaani. Tatizo lake ni kwamba limeruka vituo, na kimoja kati ya vituo vilivyorukwa ndicho chenye jibu lenyewe.

Tuanze na jina, maana ndilo linalovuruga. Neno jazz halikuzaliwa kwenye muziki. Linaonekana kwanza magazetini California mwaka 1912 na 1913, kwenye habari za besiboli, likiwa na maana ya uchangamfu, ile hali ya mchezaji kuwa na moto. Kufikia 1915 lilikuwa Chicago, limeshabandikwa kwenye muziki. Mwaka 1917 kuna bendi iliyokuwa bado inaliandika Jass. Wanamuziki wa New Orleans waliokuwa wakiupiga muziki huo kabla jina halijafika waliuita ragtime, au hawakuupa jina kabisa, na Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi, mpaka uzeeni hakupenda kazi zake zifungiwe ndani ya neno hilo. Ni jina la mtumba: limevaliwa na wengi, halikushonewa hata mmoja wao. Lilipofika kwetu lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Ndiyo maana hata wapiga benga walikuwa na Shirati Jazz, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hiyo ukitaka kujua jazz ya Marekani ilikotoka, liweke jina pembeni na uende kwenye mji.

Mji wa bandari, na Jumapili yake

New Orleans uko karibu na mahali mto Mississippi unapoingia baharini. Wafaransa waliuanzisha mwaka 1718, wakaja Wahispania, wakarudi Wafaransa kwa muda mfupi, na mwaka 1803 Napoleon akaiuzia Marekani nchi yote ya Louisiana, mji ukiwemo. Mtu wa Mombasa anaujua mji wa namna hii bila kuelezwa: kila mtawala amepita na kuacha chakula chake, dini yake na matusi yake.

Katika makoloni ya Waingereza ngoma iliogopwa. Baada ya uasi wa Stono, South Carolina, mwaka 1739, ambapo watumwa waliandamana wakipiga ngoma, sheria ya mwaka uliofuata iliwakataza kuwa na ngoma na baragumu. Louisiana ya Wafaransa na Wahispania haikuwa na utumwa mpole zaidi, lakini ilikuwa ya Kikatoliki, na desturi yake iliiacha Jumapili kuwa siku ya mtumwa kupumua: auze mboga zake, akutane na wenzake, acheze. Mwaka 1817, Wamarekani wakiwa wameshika mji, baraza liliamua mikusanyiko hiyo ifanyike pale tu atakapopataja meya. Pakawa uwanja mmoja nyuma ya mji, ambao ulikuja kuitwa Congo Square.

Mwaka 1819 msanifu majengo Benjamin Latrobe alikuwa akipita karibu, akasikia kishindo alichodhani ni farasi wanakanyaga sakafu ya mbao. Alipokaribia akakuta watu mia tano au sita, wamejipanga duara duara. Hakuupenda muziki wao, lakini alikuwa na jicho la fundi: aliandika habari za ngoma zilivyopigwa, na za chombo cha nyuzi ambacho tumbo lake lilikuwa kibuyu na juu ya mkono wake pamechongwa kisanamu cha mtu aliyekaa.

Hapa ndipo wengi hufunga hesabu na kusema jazz imezaliwa Congo Square. Mimi siafiki. Mikusanyiko ile ilififia kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1861, na jazz ilianza kusikika karibu na mwaka 1900. Hapo katikati kuna pengo la muda wa kutosha kwa mtu kuzaliwa na kuzeeka. Kilichovuka pengo hilo hakikuwa ngoma zenyewe. Kilikuwa vitu viwili visivyohitaji chombo chochote, kwa sababu vinakaa mwilini: namna ya kujibizana, na namna ya kuugawa muda.

Kujibizana hakuna haja ya kukufafanulia. Manju anatoa, waitikiaji wanapokea. Kuugawa muda ndiko kunataka mikono. Jaribu hapo ulipo: hesabu moja mpaka nane polepole, mguu ukikanyaga kwenye moja, tatu, tano na saba. Sasa piga kofi kwenye moja, nne na saba. MOJA, mbili, tatu, NNE, tano, sita, SABA, nane. Tatu, tatu, mbili, kisha unarudia. Kofi la pili linaangukia katikati ya nyayo mbili. Linaning'inia, halikubali kukaa chini. Ukiweza kwenda nalo dakika moja bila mguu kupotea, mwili wako umeanza kuomba kucheza.

Mpigo huo umejaa Afrika ya Magharibi na ya Kongo. Umejaa pia Cuba, na Cuba na New Orleans zilikuwa majirani wa bahari. Mwaka 1809 watu zaidi ya elfu tisa waliingia New Orleans kutoka Cuba. Walikuwa wamekimbia mapinduzi ya Haiti, wakakaa Cuba, wakafukuzwa huko pia: weupe, weusi huru na watumwa, karibu theluthi kwa theluthi. Mji uliongezeka watu karibu maradufu kwa mkupuo mmoja, na meli za Havana ziliendelea kuja na kwenda karne nzima.

Mwaka 1938 mpiga piano Jelly Roll Morton alikaa kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani akihojiwa na Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kiasili, piano ikiwa mbele yake. Alisema kwamba usipoweza kutia kionjo cha Kihispania kwenye nyimbo zako, hutapata kamwe viungo vinavyofaa kwa jazz. Pilau bila bizari, tungesema sisi. Na alipouonyesha huo Uhispania wake kwa mkono wa kushoto, uliotoka ni mpigo wa Cuba. Morton huyo huyo alidai kwamba aliivumbua jazz yeye peke yake mwaka 1902, akiwa bado mtoto, kwa hiyo maneno yake yapokee kwa tahadhari. Mkono wake wa kushoto uamini.

Nota na sikio

Mjini humo waliishi Wakrioli: watu wa damu mchanganyiko, wasemaji wa Kifaransa, wengi wao familia zao zilikuwa huru tangu kabla ya utumwa kukomeshwa. Walisomesha watoto wao muziki kwa nota, klarineti kwa mwalimu, na opera waliijua. Upande mwingine wa mji walikaa weusi waliokuwa wakiingia kutoka mashambani, wasemaji wa Kiingereza, Wabaptisti, wapigaji wa sikio. Makundi haya hayakupendana sana.

Mwaka 1890 Louisiana ilipitisha sheria ya kutenganisha mabehewa ya treni kwa rangi. Mwaka 1892 Homer Plessy, fundi viatu Mkrioli ambaye kwa kumtazama ungemdhania mweupe, alipanda behewa la weupe makusudi ili akamatwe na kesi iende mbele. Ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1896 akashindwa. Ile ngazi ya katikati waliyokuwa wamekaa Wakrioli ikazidi kuoza. Ilichukua miaka, haikuwa siku moja, lakini msoma nota na mpiga sikio wakajikuta wanatafuta riziki kwenye bendi zile zile. Mmoja akamfundisha mwenzake kushika chombo kwa usahihi. Mwenzake akamfundisha kukitoa machozi.

Mahali pa kukutania palikuwa barabarani. Weusi wa New Orleans walikuwa na vyama vya kufa na kuzikana, sawasawa na vya kwetu, na mwanachama akifa chama hulipa bendi ya matarumbeta. Kwenda makaburini hupigwa wimbo wa kanisani polepole, ngoma ndogo imewekewa kitambaa ili isilie sana. Wakishazika, wakishatoka getini, kitambaa kinaondolewa. Bendi inachangamka, na wapita njia wanafuata nyuma wakicheza na miavuli. Watu wa Lamu na Mombasa walioanzisha beni mwishoni mwa karne ile ile, wakiziiga bendi za kijeshi na kuzigeuza mali yao, wangeuelewa msafara huo bila mkalimani.

Mambo mengine mawili yaliingia. Ragtime sitaisemea sana: ni muziki wa piano ambao mkono wa kushoto unatembea kama askari gwarideni na wa kulia unajikwaa makusudi. Kazi yake iliyouzwa kuliko zote, Maple Leaf Rag ya Scott Joplin, ilichapishwa 1899.

Blues ndiyo inayotaka subira, maana bila kuijua utakuwa unasikia jazz kama kelele za watu wenye adabu. Umbo lake la kawaida ni mistari mitatu. Wa kwanza unaimbwa, unarudiwa, kisha unakuja wa tatu kuujibu. Kila mstari una vipimo vinne, kila kipimo mapigo manne, jumla vipimo kumi na viwili, halafu unarudi mwanzo. Siri iko hapa: mwimbaji hajazi vipimo vyake vyote vinne. Anaimba karibu nusu, anaacha nusu wazi. Ile nusu iliyoachwa wazi ndiyo kiti cha mwitikiaji.

Isikilize kwa masikio yako kwenye St. Louis Blues aliyoirekodi Bessie Smith mwezi Januari 1925. Studio nzima ina Bessie, kinanda cha kupuliza upepo kwa miguu kinacholia kama kanisani, na kijana mmoja wa miaka 23 mwenye kornet, yaani tarumbeta fupi, Louis Armstrong. Bessie anatoa neno, anavuta pumzi, Louis anaingia kwenye pumzi ile. Hajibu kwa urembo mwingi; anajibu kama jirani aliyekaa kizingitini na wewe, anayesema "ehee" mahali panapostahili. Na wimbo wenyewe, uliochapishwa 1914, una sehemu ambayo mtunzi wake W. C. Handy aliiandika kwa mdundo wa habanera, dansi ya Cuba. Handy alikuwa amezuru Cuba mwaka 1900. Kile kisiwa, tena.

Kilichorekodiwa na kilichopotea

Mtu anayetajwa na wazee wa New Orleans kuwa ndiye aliyeuwasha moto ni Buddy Bolden, mpiga kornet aliyezaliwa 1877. Hatuna hata sekunde moja ya sauti yake. Mwaka 1907 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko mpaka alipofariki 1931, jazz ikiwa imeshazunguka dunia. Msikilizaji inabidi akubali hilo: sura ya kwanza ya kitabu imechanwa.

Sura ya pili inauma kwa namna nyingine. Santuri ya kwanza ya jazz kuuzwa, iliyorekodiwa New York mwezi Februari 1917, ni ya bendi ya weupe watupu kutoka New Orleans, Original Dixieland Jass Band. Kwenye Livery Stable Blues klarineti inawika kama jogoo, kornet inalia kama farasi, tromboni kama ng'ombe. Iliuzwa sana. Kiongozi wao, Nick LaRocca, aliishi akidai kwamba weusi hawakuwa na mchango kwenye muziki huo. Mimi nimeisikiliza mara kadhaa kwa kujilazimisha. Ina kasi, haina pumzi.

Ukitaka kusikia kile ambacho wazee wale walikuwa wakikizungumzia, nenda 1923, kwa King Oliver na Creole Jazz Band yake. Walikuwa wamehamia Chicago kama maelfu ya weusi wengine walioikimbia Kusini, na walirekodi mji mdogo wa Richmond, Indiana, kwenye studio iliyokuwa kando ya reli, kazi ikisimama treni inapopita. Hakukuwa na maikrofoni. Wote walipigia kwenye pembe moja kubwa. Mpiga piano wao, Lil Hardin, alisimulia kwamba Armstrong ilibidi asimamishwe mbali na wenzake, karibu na ukuta, kwa sababu sauti yake iliwameza. Santuri zenyewe zinakwaruza, na mara ya kwanza utasikia vyombo vinne vinasema kwa pamoja kama soko la samaki. Usikimbie. Chagua klarineti peke yake, ifuate mpaka mwisho. Rudia, ufuate tromboni. Mara ya tatu utashangaa hakuna aliyekuwa akimkata mwenzake kauli.

Kisha fika tarehe 28 Juni 1928, West End Blues. Armstrong anaanza peke yake, hakuna ngoma wala piano, anapanda na kushuka kwa tarumbeta kwa muda unaotosha kuwasha kiberiti na kuwasha taa ya chemli. Bendi ikishaingia, katikati anaweka tarumbeta chini na kujibizana na klarineti kwa sauti ya mdomo isiyo na maneno. Mwishoni anashika sauti moja ya juu, anaining'iniza vipimo vinne vizima, kama mtu aliyekataa kukaa. Kabla yake jazz ilikuwa zaidi mazungumzo ya kundi. Baada yake ikawa pia hadithi ya mtu mmoja anayesimama mbele ya wenzake.

Miaka inayofuata naipita haraka, si kwa dharau. Bendi zikakua, watu kumi na watano, suti nyeupe, ndiyo enzi ya swing. Duke Ellington alianza kupiga Cotton Club, Harlem, mtaa wa weusi New York, mwaka 1927, ukumbi ambao weusi walitumbuiza na weupe ndio walioketi. Count Basie akatoka Kansas City. Kama umezoea saksafoni za dansi zinavyoitikia kwa pamoja nyuma ya mwimbaji, bendi hizi zitakukaribisha kuliko zote. Anzia kwa Basie.

Halafu ghafla, ukisikiliza santuri kwa mpangilio wa miaka, jazz inabadilika kana kwamba mtu amekata mkanda. Sababu moja ni ya kiofisi kabisa. Kuanzia Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kiligomea kurekodi, kikidai malipo, na kampuni kubwa zaidi hazikurudi studio mpaka mwishoni mwa 1944. Katika miaka hiyo hiyo, kwenye klabu kama Minton's ya Harlem, mpiga saksafoni Charlie Parker, mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, mpiga piano Thelonious Monk na mpiga dramu Kenny Clarke walikuwa wakipika kitu kingine: cha kasi, cha kona kali, si cha kucheza. Mgomo ulipoisha, bebop ikatokea sokoni ikiwa imeshaota ndevu.

Hapa wasikilizaji wengi hukata tamaa, kwa hiyo nieleze jambo moja. Kila wimbo una njia yake: sauti za chini zinazopigwa na piano au gitaa hutoka nyumbani, hupita mtaa fulani, mwingine, kisha hurudi. Juu ya njia hiyo ndipo melodia hutembea. Sheria ya hakimiliki ililinda melodia, njia haikulindwa. Basi vijana wa bebop walichukua njia ya wimbo maarufu, wakaitupa melodia, wakaweka yao. Ko-Ko ya Parker, Novemba 1945, inapita njia ya Cherokee, wimbo wa dansi wa siku zile. Mpiga solo naye hapigi ovyo. Njia inazunguka chini yake, tena na tena, na kila mzunguko anasimulia upya akipita mitaa ile ile. Kwenye dansi letu, gitaa la solo likiingia chemko, wenzake wanazunguka sehemu moja fupi na yeye anaruka juu yake. Ni kazi ya ukoo mmoja; mzunguko wa bebop tu ndio wenye mitaa mingi zaidi.

"Unamngoja nani?"

Ile kanda ya ujana wangu ilikuwa Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, iliyorekodiwa New York kwa siku mbili za mwaka 1959. Miaka mingi baadaye nilimpigia mjomba wangu wimbo wake wa kwanza, So What. Mjomba alikuwa amepiga besi kwenye bendi ya dansi enzi zake, na alikuwa hajawahi kumsikia Miles Davis. Alisikiliza kimya, kichwa kimeinama. Nikamweleza jinsi nilivyongoja mwimbaji. Akanitazama.

"Unamngoja nani? Si huyo anaimba?"

"Nani, mjomba?"

"Besi. Anauliza, wenzake wanaitikia."

Ndivyo ilivyo. Baada ya utangulizi mfupi, Paul Chambers anapiga sentensi kwa besi ile kubwa ya kusimama, na kundi linamjibu kwa sauti mbili tu, nzito kisha fupi. Anauliza tena, wanajibu tena. Mzunguko wake ni vipimo thelathini na viwili, na njia yake ni rahisi kuliko zote tulizozipita: vipimo kumi na sita unakaa mtaa mmoja, nane unapanda kidogo, nane unarudi. Huhitaji kujua nota kuusikia huo mpando. Ni kama mtu kukisogeza kiti mbele. Miles Davis anapoanza solo, Jimmy Cobb anaigonga sahani ya dramu mara moja na kuiacha ilie, kisha anaendelea na ule mwendo wa ting, ting-ki-ting, ndefu na fupi, ambao ndio unaoitwa swing. Shika besi na sahani hiyo. Tarumbeta na saksafoni zitajileta zenyewe.

Ushauri wa mjomba, kwamba umtafute anayeuliza na wanaoitika, nimeutumia tangu siku hiyo kwa mpiga saksafoni John Coltrane wa A Love Supreme (Desemba 1964), ambako besi tena ndiyo inayobeba sauti nne za msingi. Nimeutumia hata kwa mpiga saksafoni mwingine, Ornette Coleman, aliyeitupa njia kabisa na kuniacha porini. Huko sikufika mbali, nakiri.

Kuna na zawadi kwa mtu anayesoma makala haya kwa lugha hii. Novemba 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York kazi aliyoiita Uhuru Afrika, na mwanzo wake ni shairi la Langston Hughes likisomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, mwaka mmoja kabla Tanganyika yenyewe haijapata uhuru. Miaka kumi baadaye bendi nzima ya Herbie Hancock ilijipa majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kwa kusomea ni daktari, akawa Mganga. Mwingine aliitwa Mwile, nadhani walikusudia mwili. Hawakuwa wakituiga sisi wa pwani. Kiswahili kilikuwa kimekuwa kwao lugha ya kujidai Waafrika, mradi ni lugha ambayo haikuletwa na mwenye mtumwa.

Kisiwa kilichorukwa

Turudi Morogoro. Kuanzia 1933 kampuni ya His Master's Voice ilitoa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba, zikauzwa Afrika nzima, kuanzia bandari za magharibi mpaka maduka ya kwetu. Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, walizisikia: Joseph Kabasele akaunda African Jazz mwaka 1953, Franco na wenzake OK Jazz mwaka 1956, na walichokuwa wakipiga ni rumba. Morogoro walizisikia pia, na Salum Abdallah alizipenda kiasi kwamba bendi yake aliiita Cuban Marimba. Bendi jirani yake mjini humo ikachukua jina la kutoka Marekani na mdundo wa kutoka Havana.

Kwa hiyo hakuna aliyemzaa mwenzake. Jazz ya New Orleans na jazz ya Morogoro ni mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, waliolelewa mbali, na nyumba ya bibi yao mmoja iko Cuba. Ndugu wa Amerika alipoikumbuka nyumba hiyo waziwazi, mwaka 1947, Dizzy Gillespie akamwita Chano Pozo wa Havana na ngoma zake za mkono wakarekodi Manteca.

Mjomba nilimpigia na hiyo. Hakusema kitu. Alikuwa amekaa kwenye kochi, na vidole vyake vilianza kugonga mbao ya pembeni: moja, nne, saba. Aliendelea hivyo mpaka wimbo ulipoisha, kisha akaniuliza kama nina ya Salum.